Tangazo la kazi la Kiingereza, mteja anauliza kwa Kiswahili

Wenzangu wa biashara za mtandaoni, leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha. Naongelea tunavyoajiri, maana mwaka jana mie niliboronga na wateja wakanipungua.

Kwa asiyenijua, nauza sabuni za mwani, mafuta ya nazi na viungo, nipo Mangapwani. Nilianza na simu moja baada ya kumaliza kidato cha nne. Oda zilipozidi nikataka mtu wa kujibu meseji na kupaki mizigo. Nikakaa usiku nikaandika tangazo, tena kwa Kiingereza. Maneno yenyewe niliyaokota kwenye matangazo ya watu: mwombaji awe mchangamfu, aweze kufanya kazi chini ya presha, atume barua ya maombi na CV. Kiingereza nilikinyoosha kwa programu ya simu, maana changu hakijanyooka hata kidogo. Ukiniuliza kwa nini, nilitaka duka lionekane kubwa. Hakuna sababu nyengine.

Yalikuja maombi 14, CV zinafanana kama sare za skuli. Nikamchukua aliyeandika vizuri kuliko wote. Kijana mwenye adabu, sina ubaya naye. Ila hebu tizameni wateja wangu ni nani. Kuna bi mkubwa wa Bumbwini, yeye hutuma vois ya dakika mbili nzima: salamu, habari ya mguu unaomuuma, mjukuu kaanza chuoni, na mwisho kabisa ndo anasema anataka sabuni tatu. Kuna mama wa Dar anayetaka kujua mzigo utapanda boti ya saa ngapi. Kuna dada yuko Maskati, yeye kila kitu anabembeleza bei kwa utani, usipojua kumrudishia utani hanunui. Yule kijana wote akiwajibu jibu moja la kukariri, "Ndugu mteja, tumepokea ombi lako." Vois ndefu haifiki mwisho. Bi mkubwa akakaa kimya mwezi mzima. Nilipompigia akanambia, "Mwanangu, nilidhani duka umeliuza."

Inayoniuma zaidi ni hii. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna binti, alikuwa akija kunisaidia kupaki siku za oda nyingi. Wateja wangu anawajua kwa sauti. Hata yule wa Maskati alikuwa akimpa utani wake sawasawa. Siku moja nikamuuliza mbona hukuomba kazi? Akasema, "Dada, tangazo nililiona. Nikajua unataka wasomi, na mie Kiingereza changu cha kuombea maji tu." Wakati huo keshapata kazi ya kufua kwenye hoteli moja Kiwengwa, anatoka alfajiri na kurudi usiku. Mtu ninayemsikia akikohoa kwao, nimemfungia mlango kwa lugha ambayo hata mie mwenyewe siiwezi.

Na hii ni Unguja, jamani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. SADC wamekifanya Kiswahili lugha yao rasmi mwaka 2019, UNESCO wakakipa siku yake, tarehe 7 Julai, mwaka 2021. Halafu sie wenye duka la rafu mbili tunamtafuta mtu wa kupaki sabuni kwa Kiingereza.

Nadhani chanzo ni skuli. Sekondari tunasoma kwa Kiingereza, asiyekielewa anafeli hata somo analolijua, na anatoka pale anaamini hana akili. Ukiandika tangazo kwa lugha ileile unamfelisha mara ya pili. Yeye hatokwambia. Atalipita tu tangazo lako, na wewe utasema vijana wa siku hizi hawataki kazi.

Marekani nako wana mambo haya, ila kwao ni Kihispania. Watu zaidi ya milioni 40 wanazungumza Kihispania majumbani mwao, na wapo waajiri wanaoandika matangazo kwa lugha zote mbili ili wasiwakose wafanyakazi wazuri. Wana tume inayosimamia usawa kwenye ajira, na mwongozo wake unasema mwajiri asidai Kiingereza fasaha isipokuwa kazi yenyewe inakihitaji. Kwangu hilo ndilo swali lenyewe. Kazi yako inakihitaji?

Najua kuna watakaosema, mie nauzia watalii. Sawa, basi omba Kiingereza, lakini sema cha kiasi gani: kusoma oda, au kuongea na mgeni kwa simu? Na hata hapo usitizame cheti. Nendeni Nungwi mkawasikilize vijana wa ufukweni wanavyopiga Kitaliano walichokiokota kwa masikio. CV zao ungezitupa.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Tangazo naandika kwa Kiswahili cha kawaida, nataja kazi yenyewe, saa za kazi na mshahara. Usiandike "maelewano", mtu mnyonge akiona maelewano anajua ataonewa. Maombi yaje kwa vois au kwa meseji, anavyopenda mwenyewe. CV sitaki. Halafu nampa vois ya mteja ya kweli, mwenyewe akiwa ameniruhusu, namwambia nijibie huyu. Ndani ya dakika tano nishajua. Na akija mwenye Kitumbatu au Kimakunduchi chake, tusicheke. Nimeona watu wanasambaza vois za waombaji kwenye magrupu ili wachekwe. Huo ni ushenzi, na wateja wako wa kule wanasikia.

Mwezi huu naajiri tena, yule kijana kapata kazi mjini na tumeachana vizuri. Tangazo langu ni hili: "Natafuta msaidizi wa duka, Mangapwani. Kazi ni kujibu wateja kwa simu na kupaki mizigo, saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni, Ijumaa mapumziko. Kiswahili kinatosha. Nitumie vois unambie wewe ni nani na mshahara nitakutajia hapohapo." Hapo kwenye mshahara naona nimeshavunja sheria yangu mwenyewe, ntaandika kiasi kabisa kabla sijaposti.

Binti wa jirani nimempelekea mkononi. Kasema atafikiri. Kule hotelini, kanambia, mshahara unaingia tarehe 28 na haujachelewa hata mara moja. Nikanyamaza, maana yule kijana wangu mwezi wake wa mwisho nilimlipa tarehe 6.