Harusi Haipigwi Picha Mara Mbili



Katika sebule ya shangazi yangu, mjini Biharamulo, imetundikwa picha ya harusi yake iliyopigwa mwaka 1984 huko Rulenge, wilayani Ngara. Migomba iliyo nyuma ya maharusi inaonekana wazi, jani kwa jani. Lakini maharusi wenyewe, pamoja na bibi yetu aliyewawekea mikono vichwani kuwabariki, ni ukungu mtupu. Bibi alikwisha kufariki, wala hatuna picha yake nyingine. Wajukuu wanapouliza alikuwa na sura gani, shangazi huwaonyesha ukungu huo.

Kosa halikuwa la kamera. Migomba ile ni ushahidi kwamba lenzi ilikuwa imewekwa kwa ajili ya kitu kilicho mbali, na mpiga picha, katika kuliwahi tendo la baraka, alifyatua bila kuirudisha karibu. Lenzi ilitii kama ilivyoamriwa.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu binamu yangu, mtoto wa shangazi huyo huyo, amerithi kamera ya marehemu baba yake, Zenit-E iliyotengenezwa Urusi enzi za Muungano wa Kisovyeti. Dada yake anaolewa, naye ameombwa apige picha kwa mkanda mmoja wa picha 36. Siku hizi simu huweka fokasi zenyewe, na wageni watakuwa nazo tele. Mikanda nayo imekuwa adimu na ya bei kubwa. Lakini bibi harusi anataka picha za kamera ya baba. Niliyomweleza kijana huyo ndiyo haya, nayo yaweza kumfaa kila mwenye kamera ya mkanda kabatini.

Jambo la kwanza ni kuijua kamera kabla ya siku yenyewe. Lenzi ya Zenit-E, yaani Helios ya milimita 58, haijifungi yenyewe wakati wa kufyatua. Mpiga picha hulifungua tundu la lenzi mpaka namba 2 ili aone vizuri, huweka fokasi, kisha huzungusha pete ya tundu hadi namba aliyoichagua, na ndipo hufyatua. Asiyezoea huondoa jicho kutafuta pete, na anaporudi maharusi wamekwisha geuka. Kwa hiyo nilimwagiza afanye mazoezi nyumbani bila mkanda: aweke viti vitatu, kimoja mita 2, cha pili mita 3, cha tatu mita 5, na ajizoeze kutoka kiti hadi kiti mpaka vidole vijue wenyewe pete inazungukia upande gani. Dakika 15 kila jioni kwa wiki moja zinatosha.

Jambo la pili ni kuelewa faida ya tundu dogo. Ukiweka fokasi ya lenzi hiyo kwenye mita 3 na tundu likawa namba 2, kitakachoonekana wazi ni eneo la sentimita 30 hivi tu. Bibi harusi akipiga hatua moja, amekwisha kutoka. Ukilifunga hadi namba 8, eneo hilo huanzia kama mita 2.5 na kufika karibu mita 3.8. Hapo bwana, bibi na wasimamizi wao wote wamo, na kosa dogo la jicho linasamehewa. Kwa mkanda wa ASA 100 katika jua kali, namba 8 inakwenda na kasi ya 1/500, kwa hiyo mchana hakuna sababu ya kuhangaika na tundu kubwa.

Jambo la tatu ndilo siri ya wapiga picha wa zamani: usiwakimbize maharusi, watangulie. Watakapotoka mlangoni mwa kanisa, chagua jiwe au ufa katika sakafu watakaoukanyaga. Weka fokasi hapo, funga tundu, tulia. Kiatu kinapokaribia alama, fyatua. Usingoje kifike kabisa, kwa maana kidole huchelewa kidogo kuliko jicho. Fanya vivyo hivyo mbele ya meza ya keki na mahali pa kupokelea zawadi. Kwa picha ya pete na picha ya baraka, chukua uzi wenye fundo kila mita moja, upime mapema mahali utakaposimama. Uzi haudanganyi hata giza likiingia.

Jambo la nne ni mahali pa kulenga. Lenga macho. Shela ikifunika uso, jihadhari usije ukalenga ua la shela lililotokeza mbele na kuliacha jicho nyuma. Kama macho hayaonekani vizuri kwenye dirisha la kamera, tafuta hereni au ukosi mweupe ulio umbali sawa na uso. Mkiwa na safu mbili za watu, lenga walio mbele, na waombe walio nyuma wasogee wawe karibu nao kabisa.

Kuhusu mwanga, wenzetu wa Ngara na Biharamulo wakumbuke kwamba wako magharibi kabisa mwa nchi. Jua huwa juu ya kichwa karibu saa 7 mchana, wala si saa 6, na huzama karibu saa 1 jioni. Baada ya hapo giza huingia upesi. Picha za ukoo zipigwe saa 11 jioni, mwanga ukiwa laini na bado unatosha. Usiku chini ya turubai, tumia flashi. Yenye namba ya mwongozo 28, kwa mkanda wa ASA 100, inakupa tundu namba 8 ukiwa mita 3.5, lakini katika Zenit-E kasi isizidi 1/30. Mtoto mmoja ashike tochi na kuwamulika maharusi kifuani, si machoni, mpaka fokasi ikae, kisha aizime.

Mwisho, nilimwambia binamu yangu augawe mkanda huo wa picha 36 kama mama agawavyo unga mwezi ukiwa mrefu: sita za kanisani, sita za ukoo, na kadhalika, na nne zibaki akiba. Kila baada ya kuweka fokasi ya mbali airudishe lenzi kwenye mita 3, kama vile mtu anavyofunga mlango anapotoka nyumbani. Angalifanya hivyo yule wa mwaka 1984, leo tungeijua sura ya bibi.

Na ombi langu moja kwake ni kwamba picha mbili za kwanza zisiwe za maharusi. Zipigwe asubuhi, bila haraka, mlangoni pa nyumba, za mama yake ambaye ni shangazi yangu. Maharusi watapigwa picha na kila simu siku hiyo. Wazee ndio hukaa pembeni, na maji yakimwagika hayazoleki.