Suria hasemi "mimi"

Wenzangu wengi kitivoni huzidharau riwaya za Kichina za mtandaoni zenye kisa cha kuzaliwa upya: mke anasalitiwa, anauawa, kisha anaamka akiwa msichana tena, na kumbukumbu zake zote kichwani. Mapenzi na fitina tu, wanasema. Nadhani wamezisoma katika tafsiri mbaya.

Katika jumba la kifalme la riwaya hizi, mtu hujitaja kwa cheo chake. Kaisari peke yake husema "zhen". Ni Qin Shi Huang aliyejitwalia neno hilo mwaka 221 kabla ya Kristo (zamani hata mtu wa kawaida aliweza kulitumia). Suria mbele yake ni "chenqie", yaani suria mtumishi wako. Akigeukia walio chini yake anakuwa "bengong", mwenye jumba. Sasa mfikirie huyo aliyezaliwa upya. Amesimama mbele ya mwanaume aliyemuua katika maisha ya kwanza, anajua kila atakalotenda, na bado hana budi kusema "chenqie" kwa sauti laini. Chuki yake yote imejificha humo. Mfasiri akiweka "je" ya Kifaransa, ameifukua na kuitupa.

Sisi tuna njia. "Mjakazi wako amesikia": kiambishi a- kinamtoa msemaji ndani ya sentensi yake mwenyewe, kama Kichina kinavyofanya. Lakini wanafunzi wanaojaribu kutafsiri sura hizi huandika "nimesikia", kwa sababu wanatafsiri kutoka Kifaransa, na hakuna mwalimu anayewauliza kwa nini.