Heshima ya Kanisa Haipigwi Mnada

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa katika Kristo, mniwie radhi, leo sitanong'ona. Kuna tabia imeingia makanisani mwetu, nayo inauma. Mwenye gari kubwa akifika ibada ikiwa katikati, mzee wa kanisa anamwinua bibi aliyewahi tangu alfajiri, anamsogeza nyuma karibu na mlango, ili aliyechelewa akae mbele. Mtume Yakobo alilikemea jambo hilihili katika sura ya 2 ya waraka wake. Tunausoma, tunaitikia amina, kisha tunarudia yaleyale.

Njooni sasa kwenye mnada baada ya ibada. Mnada ni desturi njema: aliyekosa shilingi huleta kuku, mayai, debe la mahindi au mkungu wa ndizi, na kazi ya Bwana inasonga mbele. Lakini tumeugeuza uwanja wa kutambiana. Jogoo ananunuliwa kwa bei ya mbuzi, jina la mnunuzi linatangazwa kwenye kipaza sauti, vigelegele juu. Mama aliyemfuga jogoo huyo hatajwi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yule mjane wa senti mbili hakutangazwa na mtu, na Bwana alimwona.

Sisemi mali ni dhambi. Sina ugomvi na mkulima wa parachichi wa Rungwe wala mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga aliyetoka jasho. Mchumia juani hulia kivulini. Watu wa Nyanda za Juu Kusini ni wachapakazi, na nchi nzima inakula mahindi yenu. Ugomvi wangu ni kwamba hatuulizi tena mali imetoka wapi. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Mkubwa akiiba tunasema kabarikiwa, tunampa uenyekiti wa kamati ya ujenzi. Zakayo alipompokea Yesu aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Wa kwetu anaombewa azidishiwe. Halafu jirani aliyedunduliza kwa haki akifungua duka la pili, waumini walewale wananong'ona habari za ndagu, uchawi wa kutafuta utajiri!

Baya kuliko yote ni mahubiri ya kupanda mbegu. Wahubiri wanakuja Novemba, mvua inanukia, mkulima ana fedha ya mfuko wa mbolea ya DAP mkononi. Anaambiwa aipande madhabahuni, itarudi mara mia. Ikifika Februari mahindi yake yamedumaa, na mhubiri yuko mji mwingine na mahubiri yaleyale. Mmeisahau DECI? Watu "walipanda" fedha wakingoja "kuvuna", maneno ya Biblia yakapambwa juu ya upatu, hadi Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Wengi hawakuvuna kitu. Wamisionari Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 hawakuuza mafuta ya upako. Walifundisha kusoma, na walifundisha kazi za mikono. Tosamaganga, Ilula na Igogwe zina hospitali za kanisa mpaka leo, na wagonjwa wanatibiwa humo. Hayo ndiyo matunda ya sadaka iliyotumika vizuri.

Na kwa kuwa tumeshagusa fedha, harusi nazo siwezi kuziacha. Kadi ya mchango inamfikia mwalimu mshahara umekwisha, kiwango cha chini kimeshapangwa, na asipotoa anasemwa. Kamati inakutana kila wiki kujadili keki, ukumbi na rangi za sare. Mtoto wa mwalimu huyohuyo akikosa nauli ya chuo, hakuna kamati. Mama yake akilazwa, simu za wanakamati hazipokelewi. Hivi tunamfundisha nani upendo, ikiwa sisi wenyewe tunajifundisha ulafi?

Wazee wa kanisa, nyinyi ni watu wa busara. Mmezilea sharika hizi tangu zikiwa za nyasi, na waumini wanawasikiliza. Anzeni Jumapili hii. Bibi mwacheni kwenye kiti chake. Mnada uendeshwe bila kutangaza majina ya wanunuzi. Na kabla mvua hazijaanza, mwambieni mkulima kutoka mimbarini anunue mbolea kwanza. Fungu la kumi atalileta akishavuna.