Punda Akifa, Mzigo Haufiki

Msemo wa "punda afe, mzigo ufike" husemwa kwa fahari, kana kwamba ni sifa ya mchapakazi. Ndani yake mna imani ambayo wengi wetu tumeimeza bila kuipima: kwamba mnyama ni chombo tu, na huruma yoyote anayopewa imechotwa kwenye sahani ya binadamu. Ndiyo maana ukiomba mchango wa matibabu ya punda katika eneo kame kama Siakago, huko Mbeere nchini Kenya, jibu huja papo hapo: watu wana njaa, wewe unawaza punda? Swali hilo lina sura ya utu. Lakini limesimama juu ya hesabu mbovu, na wanaoilipia hesabu hiyo ni maskini wenyewe.

Tuanze na maji, maana Mbeere ukame ukiingia kila kitu huanza na maji. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Mama anayeubeba mgongoni, mkanda umemkaza juu ya paji la uso, hufikisha nyumbani mtungi mmoja kwa safari. Punda hubeba minne. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 16 tu kwa siku, inahitaji lita 80, yaani safari moja ya punda au safari nne za mama. Mto ukiwa umbali wa kilomita tatu, safari hizo nne kwenda na kurudi ni kilomita 24, na nusu yake anatembea ameinama chini ya mzigo. Asipoweza, binti yake ataitwa kutoka kwenye vitabu. Anayesema punda asubiri hadi watu washughulikiwe hajajiuliza mzigo wa punda utahamia mgongo wa nani.

Swali hilo Kenya ililijibu kwa machungu. Kuanzia mwaka 2016, machinjio manne ya punda yalifunguliwa nchini, yakiwemo ya Mogotio na Naivasha, ili kulisha soko la China, ambako ngozi ya punda huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Kufikia mwisho wa mwaka 2018, zaidi ya punda 300,000 walikuwa wamechinjwa. Mwaka 2019 Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lilionya kwamba kwa kasi ile punda wangeweza kwisha nchini kufikia mwaka 2023. Wezi waliwafungua punda usiku mazizini, bei ikapanda, na aliyeibiwa hakuweza tena kununua mwingine. Mnamo Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku biashara hiyo. Mahakama iliibatilisha marufuku hiyo mwaka uliofuata, lakini Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kukataza uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Wapo wanaosema machinjio yalileta ajira, na ni kweli wapo waliopata mishahara. Lakini mshahara wa mmoja Mogotio ulilipwa kwa riziki ya familia nyingi ambazo hazikuulizwa. Pingamizi zito zaidi ni la anayesema: mtoto mwenye utapiamlo akiwa mbele yako, utampa punda pesa? Sitampa. Mtoto kwanza, bila kusita. Ila ni mara chache mtoaji husimama kwenye njia panda ya namna hiyo. Ukame ukikaza, swali halisi ni kama gunia la unga litaliwa nyumbani ambako punda bado yu hai wa kuchota maji ya kulipikia, au nyumbani ambako amekufa. Unga huisha baada ya wiki chache. Punda aliyenusurika atafanya kazi kwa miaka mingi.

Tena huruma si maji ya debe moja, kwamba ukimchotea huyu yule atakosa. William Wilberforce, aliyepigania sheria ya mwaka 1807 iliyokomesha biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza, ndiye huyo huyo aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kutetea wanyama kilichoanzishwa London mwaka 1824. Huko New York mwaka 1874, waliotaka kumwokoa Mary Ellen Wilson, mtoto aliyekuwa akipigwa na mlezi wake, walikimbilia kwa Henry Bergh, mwanzilishi wa chama cha kutetea wanyama. Kesi hiyo ndiyo iliyozaa chama cha kwanza cha kulinda watoto. Macho yaliyozoea kuona jeraha la farasi hayakupofuka mbele ya jeraha la mtoto.

Hata hivyo, nikiishia kwenye faida nitakuwa nimemsaliti punda. Angalia bega la punda anayevuta mkokoteni kwa kamba tupu: manyoya yamenyonyoka, ngozi imechubuka, nzi wametua, na kesho kamba itapita palepale. Maumivu yale ni maumivu hata kama mzigo umefika. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha kupita kiasi, na haisemi kwamba mwenye punda maskini anaruhusiwa. Wala upole huo si anasa. Gunia kuukuu lililokunjwa chini ya kamba, maji kabla ya safari, kivuli saa ya jua kali na dawa ya minyoo haviwezi kumfilisi mtu.

Kwa hiyo ukame ukirudi, nasi makanisani na kwenye harambee tukaanza kuchangia wa Siakago, orodha isiishie kwenye mahindi na maharagwe. Iandikwe pia nyasi kavu, dawa na siku moja ya daktari wa mifugo kule mtoni, ambako punda hukusanyika kila asubuhi kusubiri mitungi ijae.