Kompyuta ya Michezo: Tazameni Ndani Kabla ya Kulipa



Kila likizo ya shule inapokaribia, ombi moja hurudi katika nyumba zetu: kijana anataka kompyuta ya michezo. Huongeza kuwa itamfaa pia kwa masomo, na kwamba dada yake ataitumia kwa darasa la tajwidi la mtandaoni. Mzazi naye huitazama zamu yake ya chama, ambayo huenda ilikwisha kupangiwa karo au mabati ya paa, akajiuliza: tununue iliyokwisha kuundwa dukani, tuchukue iliyotumika, au tumwachie fundi aiunde? Suali hili si dogo. Zamu ya chama haiji kila mwezi, na ikitumika vibaya huumiza nyumba nzima.

Tuanze na ile ya dukani ya bei nafuu. Hii ndiyo ipendezayo macho: sanduku la kioo, taa za rangi, na bei ya kuvutia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na aghalabu taa hizo ndizo zinazokitembeza kibaya. Ili bei ishuke, muundaji hupunguza pale ambapo mnunuzi hatazami. Pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, huwa dhaifu na cha jina lisilojulikana. Kumbukumbu ya RAM huwa kijiti kimoja cha gigabaiti 8 badala ya viwili vinavyosaidiana. Kadi ya grafiki, ambayo ndiyo roho ya michezo, huwa ya zamani mno au haimo kabisa. Tangazo nalo husema "i7" kisha likanyamaza. Yafaa tujue kuwa zipo i7 zilizotoka mwaka 2011, na i3-12100 iliyotoka mwaka 2022 huzipita kwa mbali, ijapokuwa jina lake laonekana la chini. Ubora wa kompyuta hii ni dhamana ya duka moja, nayo ina thamani iwapo tu imeandikwa na duka lenyewe linajulikana.

Ya pili ni iliyotumika. Sokoni kwetu zimejaa kompyuta zilizofanya kazi katika ofisi za ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Hizi ziliundwa kwa kazi ya kutwa kucha, na nyingi zingali imara. Lakini zina mitego miwili. Wa kwanza ni umri. Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au baada yake. Tarakimu zinazofuata kistari hutuambia: i5-8500 ni ya kizazi cha 8 na inakubalika, i5-6500 ni ya kizazi cha 6 na haikubaliki, hata ikiwa inang'aa kama mpya.

Mtego wa pili ni umbo. Zile nyembamba hazipokei kadi ya grafiki ya kimo cha kawaida, na nyingi ya kompyuta hizi hutumia pawa saplai za umbo lao wenyewe, zisizoweza kubadilishwa kwa ile ya duka lolote. Kwa hiyo chagueni sanduku kubwa lililosimama, na kadi isiyozidi wati 75, kwani hicho ndicho kiwango cha umeme ambacho tundu la kadi huweza kutoa bila waya wa ziada. Nyingi za GTX 1650 huingia katika kipimo hicho, nayo yatosha kwa michezo mingi ambayo vijana wetu huicheza.

Ya tatu ni ya kuundwa na fundi. Hapa kila shilingi huonekana ilipokwenda, na kijana akikaa kando ya fundi hujifunza kazi. Yawezekana kuanza kidogo: prosesa kama Ryzen 5 5600G ina grafiki yake ndani, hivyo kompyuta huwaka na kucheza michezo mepesi bila kadi, nayo kadi ikanunuliwa mwaka ujao Mungu akijaalia. Udhaifu wake ni kwamba kila kifaa kina dhamana yake na duka lake. Basi dai risiti na boksi la kila kifaa, na ujira wa fundi uandikwe mbali.

Kwetu pwani kuna mawili zaidi ya kutia hesabuni. Hewa ya chumvi hula chuma. Kabla ya kununua kilichotumika, mwambieni muuzaji afungue sanduku, mtazame kutu kwenye misumari na matundu ya nyuma. Umeme nao hukatika na kurudi kwa kishindo, hivyo UPS ihesabiwe pamoja na skrini na kibodi. Fedha zikimalizikia kwenye sanduku peke yake, ununuzi haujakamilika.

Yako pia ya dini. Muuzaji anayeijua kasoro analazimika kuieleza, na mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu ana khiyari ya kukirudisha. Msione haya kuomba kompyuta iwashwe na mchezo uchezwe kwa nusu saa mbele yenu. Malipo ya awamu hayana ubaya ikiwa bei imekubaliwa moja na haibadiliki. Lakini mkopo unaoongezeka kwa kuchelewa ni riba, na starehe ya mtoto haituhalalishii riba.

Rai yetu ni hii. Kwa familia nyingi, kompyuta ya ofisini ya kizazi cha 8 au baada yake, ya sanduku kubwa, yenye RAM ya gigabaiti 16 na diski ya SSD, ndiyo inayolinda fedha vizuri zaidi. Kadi yaweza kufuata. Mwenye uwezo zaidi na fundi mwaminifu, na aiunde. Ya dukani yenye taa iwe ya mwisho, na msilipe kabla ya kuandikiwa jina la kila kifaa kilichomo. Muuzaji akikataa kuandika, kukataa kwake kumekwisha kuwajibu.

Kisha iwekwe sebuleni, mahali ambapo adhana husikika na kila mtu hupita.

Wabillahi tawfiq.