Kabla Hujauza Sanduku la Bibi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huwaelekea wenye maduka na wafanya biashara, lakini leo tunaileta ndani ya nyumba za watu, na hasa nyumba za Ujiji, ambako vitu vya kale havijaisha masandukuni.

Mambo huanza hivi. Bibi wa nyumba amefariki, arobaini imesomwa, na watu wa ukoo wamekutana kugawana alichoacha. Nyumba ina taratibu zake na shamba lina mipaka yake. Hayo hayana ugomvi mkubwa. Kisha sanduku linafunguliwa. Ndani mna bangili mbili za fedha zilizofifia, mtungo wa shanga, kijaluba cha tambuu, na kitambaa kilichofungwa sarafu za Mjerumani. Mtoto mkubwa asema viuzwe, kwani ada ya shule haingoji. Shangazi asema kuuza vitu vya marehemu ni kumuuza marehemu mwenyewe. Wakingali wanabishana, mgeni apiga hodi. Amesikia kwamba mna vitu vya zamani humu, naye ananunua papo hapo, kwa fedha taslimu.

Katika kata ya Kasingirima, kama ilivyo katika mitaa mingine ya kale ya Ujiji, mabishano ya namna hiyo si mageni. Nia ya ukurasa huu leo si kumwamuru mtu auze au asiuze. Nia yetu ni kueleza vitu hivi hupata bei kwa njia gani, ili anayeuza ajue anauza nini, na anayekataa kuuza ajue anatunza nini.

Hapana mtu wa mjini asiyeujua mnada. Upo mnada wa ng'ombe, na upo mnada wa mali ya mdaiwa, ambapo dalali hupaza sauti na watu hupandishana bei. Minada mikubwa ya vito, sanaa na vitu vya kale, inayofanyika London, Paris au New York, haitofautiani na hiyo katika msingi wake. Pana dalali, pana wanunuzi wanaoshindana, na nyundo ya mbao ikigonga biashara imekwisha. Tofauti imo katika kazi inayotangulia. Majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe, wataalamu hukikagua kila kitu, hukadiria bei yake, na hupatana na mwenye mali juu ya bei ya chini ambayo kitu hakitauzwa chini yake. Kisha huchapisha orodha ya vitu vyote, na siku hizi orodha hizo husomwa na yeyote kwa njia ya intaneti. Kitu kikisha kuuzwa, nyumba ya mnada humkata muuzaji kamisheni, na humtoza mnunuzi nyongeza juu ya bei ya nyundo. Kwa hiyo bei kubwa inayotangazwa magazetini siyo fedha inayoingia mfukoni mwa muuzaji.

Katika orodha hiyo kila kitu huelezwa kwa mambo manne: ni kitu gani, kilitengenezwa na nani, kilitengenezwa lini, na kimepita katika mikono ya nani hadi kufika hapo. Jambo la nne ndilo ambalo wengi wetu hatulidhanii, nalo mara nyingi ndilo lenye uzito kuliko yote.

Tutoe mfano unaohusu mji huu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta Dakta Livingstone hapa Ujiji, na habari ile ikaenea dunia nzima. Mwezi Septemba, 2002, nyumba ya mnada ya Christie's ya London ilivipiga mnada vitu alivyoviacha Stanley, na watu walivigombea. Sababu ilikuwa nini? Kifaa cha safari cha karne ya 19 ni kifaa tu, na vya aina hiyo vipo vingi. Bali ikithibitika kwa maandishi kwamba kilishikwa na Stanley katika safari zake, bei hubadilika. Hapo jina la Ujiji husaidia kupandisha bei mbali kabisa na Ujiji, hali masanduku ya Ujiji yenyewe hayana hata karatasi moja ya kueleza kilichomo.

Upo mfano mwingine unaogusa watu weusi wenyewe. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, safari iliyochukua miezi mingi. Hao Susi na Chuma walikuwa wameishi na bwana wao hapa Ujiji. Chama cha Jiografia cha Uingereza kiliwatengenezea wachukuzi wale nishani 60 za fedha zenye tarehe ya mwaka 1874, na kila nishani iliandikwa jina la mtu wake ukingoni. Chache kati ya hizo zimepata kuonekana katika minada ya Uingereza. Sasa fikiri, ndugu msomaji. Nishani kama hiyo ikipelekwa kwa sonara ataiweka juu ya mizani, ataitaja bei ya fedha yake, na kesho itakuwa imeyeyushwa ikawa pete. Ikipelekwa mnadani, mtu wa kwanza kuishika atalisoma jina la ukingoni. Sonara hununua uzito. Mnada hununua habari. Na habari ikipotea, hata mnada hurudi kwenye mizani.

Tuzitazame na shanga. Vijana wengi huziona kuwa pambo la bibi na basi. Lakini katika soko la Ujiji la zamani shanga zilikuwa ndizo fedha zenyewe. Msafiri Mwingereza Cameron, aliyefika hapa mwaka 1874, alieleza juu ya shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko. Asubuhi, soko lilipofunguliwa, walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi waliowabadilishia wanunuzi shanga zao za aina nyingine. Soko lilipofungwa, watu wale wale walizinunua tena sofi kutoka kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Ndiyo kusema Ujiji ilikuwa na wabadilisha fedha wake kabla Mjerumani hajaleta sarafu yake. Shanga nyingi za kioo zilizopita katika njia za misafara zilitengenezwa Venice, katika Italia, na leo wako watu Ulaya na Marekani wanaozikusanya. Mtungo uliochanganywa ovyo, usio na mtu wa kueleza ulivaliwa na nani na wapi, haupati bei kubwa. Mtungo ule ule ukiwa na maelezo ya familia iliyoutunza Ujiji kwa vizazi vinne, ni kitu kingine kabisa, kwa mnunuzi na hata kwa jumba la makumbusho.

Sasa tufungue kile kitambaa cha sarafu, maana hapo ndipo uwongo mwingi unapokaa. Upo uvumi kwamba kila rupia ya Mjerumani ina thamani ya mamilioni, na wapo watu waliochimba mashamba na misingi ya nyumba wakiitafuta. Ukweli ni huu. Sarafu nyingi za wakati ule, yaani heller za shaba, ambazo ndizo zilizotupa neno letu «hela», zilitengenezwa kwa wingi sana, na bei yake kwa wakusanyaji ni ndogo. Rupia za fedha zina thamani zaidi kidogo, kwa kutegemea mwaka wake na jinsi zilivyotunzwa. Iliyo adimu ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati vita vilipowakatia Wajerumani njia ya bahari. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Upande mmoja ina tai wa dola ya Ujerumani, na upande wa pili ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitengenezwa kama 16,000 tu, na hadi leo hushindaniwa katika minada ya sarafu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, za bandia ni nyingi. Mtu akikuletea sarafu ya tembo na kuomba fedha haraka, au akikuambia utoe «gharama za kibali» kwanza ili mnunuzi wa ng'ambo aje, huyo hauzi sarafu, anakununua wewe.

Baada ya bei hapana budi tuseme habari ya sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na pia milango na fremu za milango zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Vitu hivyo haviruhusiwi kufanyiwa biashara wala kutolewa nchini bila kibali cha serikali. Basi yule mgeni anayetaka kuung'oa mlango wa nakshi wa babu na kuupakia kwenye lori usiku, anamwingiza mwenye nyumba katika kosa. Na katika sanduku pakitokea bangili ya pembe ya ndovu, mambo ni mazito zaidi. Kuwa na pembe au kitu kilichotengenezwa kwa pembe bila hati ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori, hata kama ulirithi. Njia ya salama ni kwenda mapema katika ofisi ya maliasili kuuliza, wala si kungoja kuulizwa.

Wako watakaosema kwamba sheria ni karatasi, na kitu kikisha kuvuka mpaka kimekwenda. Si kweli daima. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikaingia katika jumba la Barbier-Mueller, Geneva, katika nchi ya Uswisi. Baadaye mtaalamu mmoja wa Italia alikitambua, Tanzania ikakidai, na mazungumzo yakachukua miaka mingi. Mwezi Mei, 2010, kinyago kilirudishwa nchini. Kilirudi kwa sababu kilikuwa kinajulikana. Kingekuwa kitu cha nyumba ambacho hakuna aliyewahi kukipiga picha wala kukiandika, nani angekidai, na kwa ushahidi gani?

Hapa ndipo tunaporudi kwenye daftari. Familia yenye vitu vya kale, iwe inataka kuviuza au kuvitunza, haina budi kufanya mambo machache ambayo hayagharimu zaidi ya daftari la shule.

Kwanza, andikeni wakati wazee wangali hai. Kitu hiki kilikuwa cha nani? Alikipata wapi? Alikuja nacho Ujiji kutoka Manyema, kutoka pwani, au kilinunuliwa hapa? Nani alikivaa siku ya harusi? Andikeni jina la aliyesimulia na tarehe aliyosimulia. Shangazi ambaye leo anaonekana kuwa kikwazo cha mauzo ndiye mwenye mali kubwa kuliko sanduku lenyewe, maana anayajua majina.

Pili, kipigeni kila kitu picha, mbele na nyuma, pamoja na rula ya kuonyesha ukubwa wake. Kama ipo picha ya zamani ya bibi akiwa amevaa bangili ile, iwekeni pamoja nayo.

Tatu, msisugue. Watu wengi huona kwamba sarafu iking'aa itapata bei. Wakusanyaji wa sarafu hukimbia sarafu iliyosuguliwa kwa majivu au dawa, kwa kuwa uso wake umekwisha haribika.

Nne, msiuze kwa mnunuzi mmoja aliyekuja mwenyewe. Mnada una maana kwa sababu wanunuzi ni wawili au zaidi. Mkikosa mnada, basi tafuteni angalau bei tatu kwa watu tofauti, na mtazame katika orodha za minada iliyopita vitu vya namna hiyo vimeuzwa kwa kiasi gani. Waulizeni pia watu wa makumbusho. Jawabu lao halitokani na tamaa ya kununua.

Tano, pataneni kwanza kama ukoo, na mwandike mapatano hayo. Kitu cha urithi kilichouzwa na mtoto mmoja kwa siri huleta fedha ya mwezi mmoja na uhasama wa miaka ishirini.

Hatumlaumu mzazi anayeuza bangili ili mwanawe asome. Fedha za mitungoni na mikononi mwa bibi zetu ziliwekwa kwa ajili ya siku kama hizo. Kwa wanawake wengi wa zamani pambo lilikuwa ndilo benki yao. Lililo baya ni kuuza gizani, kwa bei ya mizani, kitu ambacho mwingine ataandika habari zake na kuziuza kwa bei ya nyundo. Na lililo baya kuliko hilo ni kukitunza kitu miaka mia, kisha kukiacha kipoteze jina kwa kuwa hakuna aliyechukua kalamu.

Basi wazee wetu wangalipo, na kalamu zipo. Jumapili hii, baada ya chakula, chukueni daftari mkaketi nao.