Jeraha na Kilichobaki Ndani Yake

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tumebishana sana kuhusu nani atalipa na kiasi gani. Liko jambo dogo zaidi ambalo, kwa maoni yangu, litaamua kama bima hiyo itamfaa mnyonge: maneno anayoyaandika tabibu baada ya kusafisha jeraha.

Tuitazame kata ya Nyegina, Musoma Vijijini. Huko watu huishi kwa ziwa, jembe na mifugo. Mkoani humo humo, Buhemba, wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kazi hizi zina majeraha yake: ndoana iliyozama kiganjani, mwiba uliokatikia unyayoni, kipande cha jiwe kilichoruka nyundo ilipogonga. Kitu kilichomjeruhi mtu huweza kubaki mwilini. Daftari la zahanati likisema "jeraha la mguu" na kukomea hapo, habari iliyo muhimu kuliko zote imepotea.

Shirika la Afya Duniani lina uainishaji wa magonjwa ambao toleo lake la 10 huyapa majeraha herufi S na T. S91 ni jeraha wazi la kifundo cha mguu na wayo. Sura ya 20 hueleza chanzo chake. Wamarekani wamezirefusha namba hizo: S91.331 ni jeraha la kuchomwa katika wayo wa kulia lisilo na kitu ndani, na S91.341 ni lenye kitu ndani. Tarakimu moja hutenganisha wagonjwa wawili wenye hatima tofauti.

Sisemi tuwaige Wamarekani. Nasema tofauti hiyo ni ya kweli, hata zahanati isipokuwa na kompyuta. Chuma na jiwe huonekana kwenye eksirei. Kijiti mara nyingi hakionekani. Mgonjwa akirudi baada ya mwezi mguu ukitoa usaha, tabibu mwingine atategemea maandishi ya yule wa kwanza. Vivyo hivyo kwa aliyechomwa mshale: fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, hufika mahakamani, na hakimu hawezi kuuona mshale ambao haukuandikwa. Nayo halmashauri inayopanga bajeti kwa takwimu za MTUHA haitajua ni kazi gani inayowaumiza watu wake.

Nitajibiwa kwamba tabibu ni mmoja na foleni ni ndefu. Ni kweli, na kumlaumu yeye ni kukwepa wajibu. Ndiyo maana mzigo huu nauelekeza kwa wanaochapa madaftari na kutunga mitaala. Wampe tabibu safu yenye maswali manne tu: kimeingia nini, wapi, katika kazi gani, na je, kimetoka chote? Majibu yake ni mstari mmoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwili wa mvuvi ndiyo mali yake ya kwanza. Wanafunzi wa uuguzi na utabibu mnaonisoma, na ninyi watumishi wa halmashauri, msisubiri waraka kutoka Dodoma: swali la nne mnaweza kuanza kuliuliza na kuliandika kesho asubuhi.